Kwa Nini replace() Hubadilisha Mara Moja Tu? Historia Fupi ya Mapengo ya JavaScript

Leo tuache kidogo habari za simu mpya na programu mpya, tuzungumze historia. Si historia ya vitu vilivyovumbuliwa, bali ya vitu vilivyokosekana: methodi ndogo ndogo za kuhariri maandishi ambazo lugha ya JavaScript ilikaa bila kuwa nazo kwa miaka mingi. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni jambo la wataalamu peke yao. Nitakuonyesha kwamba pengo la namna hiyo linaweza kumfikia mfugaji wa Kimilili ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na likamtoa pesa mfukoni.

Ritifaa moja, SMS mbili

Chukua mfano wa chama cha wafugaji chenye wanachama 500. Katibu anaandika tangazo kwenye kompyuta, kisha programu inalituma kwa kila mwanachama kwa SMS:

Ng’ombe wote wa Kimilili watachanjwa Jumanne. Kila mwenye ng’ombe afike na kadi yake mapema.

Hizo ni herufi 92 pamoja na nafasi zake. SMS moja hubeba herufi 160, kwa hiyo inapaswa kutosha na kubaki. Lakini herufi 160 hupatikana tu ikiwa kila herufi imo katika orodha ya msingi ya mitandao ya GSM. Ritifaa iliyonyooka (') imo katika orodha hiyo. Ile iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila kukuuliza, haimo. Ikiwemo hata moja tu, ujumbe mzima kwa kawaida hubadilishiwa mfumo, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ukizidi 70 ujumbe unakatwa vipande vya herufi 67. Tangazo letu la herufi 92 limeshakuwa SMS mbili. Chama kilichopanga kulipia SMS 500 kitalipia 1000.

Basi mtengenezaji wa programu anaongeza mstari mmoja wa JavaScript wa kunyoosha ritifaa:

ujumbe = ujumbe.replace("’", "'");

Anajaribu kwa neno "ng’ombe", anaona imekubali, anaenda nyumbani. Siku ya tangazo bili inakuja ileile ya SMS 1000. Kwa nini? Kwa sababu replace ya JavaScript, ukiipa maandishi ya kawaida, hubadilisha mahali pa kwanza tu. Ng’ombe wa kwanza amenyooshwa, wa pili bado ana ritifaa iliyopinda, na mmoja anatosha kuharibu hesabu yote.

Methodi ya kubadilisha zote, replaceAll, iliingia katika viwango rasmi vya JavaScript mwaka 2021. Lugha yenyewe ilizaliwa mwaka 1995. Miaka 26! Tuone ilikuwaje.

Mwaka 1995: kumetameta ndiyo, kupunguza nafasi hapana

JavaScript ilitengenezwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape huko California, Mei 1995. Mfano wa kwanza aliuandika kwa siku kumi. Wakubwa wake walitaka lugha itakayofanana na Java, iliyokuwa ikivuma wakati ule, na ndiyo maana stringi za JavaScript (yaani vipande vya maandishi) zina methodi nyingi zenye majina ya Java: charAt, indexOf, substring, toLowerCase.

Lakini si zote zilizovuka. Java ya kwanza, iliyotoka Januari 1996, ilikuwa na trim ya kuondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa maandishi. Ilikuwa na startsWith na endsWith za kuuliza kama maandishi yanaanza au kuishia na neno fulani. JavaScript haikuzipata.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Stringi za JavaScript ya Netscape zilikuwa na methodi za kupamba ukurasa: bold ya kukoleza herufi, big ya kuzikuza, fontcolor ya kuzipaka rangi, na hata blink ya kuzifanya zimetemete kama taa ya matatu. Kwa hiyo mwaka 1996 ungeweza kumetamesha jina la mtu kwa neno moja, lakini usingeweza kuliondolea nafasi iliyozidi. Ukitaka ushahidi, fungua brauza yako leo: methodi ya blink bado ipo, ingawa maandishi hayameti tena. Kwenye wavuti ukishatoa kitu ni vigumu kukirudisha ghalani, maana kuna ukurasa mahali fulani unaokitegemea.

Lawama si za Eich peke yake. Netscape iliona JavaScript kama lugha ya vitu vidogo, ya kukagua fomu na kubadilisha picha. Kazi nzito ziliachiwa Java. Hakuna aliyetarajia kwamba siku moja benki, hospitali na vyama vya wafugaji vitaendeshwa kwa lugha hii.

Toleo la kwanza la viwango, ECMAScript la Juni 1997, lilikuwa na methodi nane tu za kushughulikia maandishi, ukiacha zile za kugeuza aina. Toleo la tatu, Desemba 1999, liliongeza nyingine, replace ikiwa mojawapo. Na hapa ndipo tabia yake ya kubadilisha mara moja ilipotiwa muhuri. Replace ya Java ilikuwa ikibadilisha herufi kila mahali ilipo. Ile ya JavaScript ilifuata njia ya Perl, lugha iliyokuwa mwalimu wa wote katika kutafuta maandishi kwa ruwaza. Katika Perl, ukitaka zote lazima uongeze alama ya g. Anayeijua Perl hapati shida. Lakini watu wengi walioingia JavaScript baadaye hawakuwahi kuiona Perl, wakaona neno "replace" wakaamini kuwa limemaliza kazi.

Miaka kumi ya ukimya

Baada ya Desemba 1999 lugha ilisimama. Toleo la nne lilijadiliwa kwa miaka na likafa mwaka 2008, baada ya mvutano kati ya waliotaka kuibadilisha lugha kwa kiasi kikubwa (Mozilla na Adobe) na waliotaka hatua ndogo (Microsoft na Yahoo). Mpaka toleo la tano lilipotoka Desemba 2009, ilikuwa imepita miaka kumi kamili.

Miaka hiyo kumi ndiyo wavuti ilipokua. Gmail ilianza 2004, Google Maps 2005. Fomu zilikuwa kila mahali, na kila fomu inahitaji trim, maana watu huacha nafasi wanapoandika. Basi kila mtu alijitengenezea trim yake. Mwaka 2007 Steven Levithan alichapisha ulinganisho wa zaidi ya njia kumi za kuandika trim, akipima ipi ni ya haraka. Fikiria: watu wazima wenye elimu yao wanashindana kuondoa nafasi tupu! Na si zote zilikuwa sahihi. Internet Explorer ya wakati ule haikuhesabu aina moja ya nafasi, ile isiyovunjika ambayo hupatikana sana unaponakili maandishi kutoka kwenye ukurasa, kuwa ni nafasi. Aliyenakili njia fupi kutoka mahali popote alinakili na kasoro hiyo.

Wengine walichukua maktaba za nje. Prototype ilitoka 2005 ikiwa na strip. jQuery ilitoka 2006 ikiwa na trim. Zilikuwa na mengi zaidi ya hayo na ziliokoa watu wengi. Lakini tukumbuke intaneti yetu ilikuwaje. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, na kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka huohuo. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na huku kwetu Bungoma na Trans Nzoia mtu alilipia saiba kwa dakika. jQuery hata ikibanwa ilikuwa na kilobaiti zaidi ya 20. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, ikienda kwa nguvu zake zote, hizo ni karibu sekunde tatu kabla ukurasa haujaanza kazi. Kwa modemu inayosuasua, ongeza mwenyewe. Kwa kurasa zilizobeba maktaba nzima kwa ajili ya kazi mbili tatu za maandishi, gharama ya kilichoachwa nje kule California ililipwa na mtu aliyekaa saiba akitazama saa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa aliyeacha ufa na aliyejenga ukuta hawakuwa mtu mmoja.

Na hata trim iliporasimishwa mwaka 2009, haikufika siku hiyohiyo. Internet Explorer 8 haikuwa nayo. Internet Explorer 9 ya mwaka 2011 ilikuwa nayo, lakini haikukubali kukaa kwenye Windows XP. Kompyuta kuukuu zenye XP zikabaki nyuma, na waandishi wa programu wakaendelea kubeba viraka kwa ajili yao. Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia XP Aprili 2014.

Pengo likijazwa na wengi

Pengo halikai tupu. Likikaa muda mrefu hujazwa na wengi, kila mmoja kwa namna yake, na hapo hata kulirekebisha rasmi kunakuwa kugumu. Nitatoa visa viwili.

Kisa cha kwanza ni cha includes, methodi ya kuuliza kama maandishi yana neno fulani ndani yake. Jina lake la kwanza lilikuwa contains. Firefox ilipoijaribu kwa jina hilo, kurasa zilizotumia maktaba ya MooTools zikaanza kuharibika. MooTools ilikuwa imeshaweka contains yake ndani ya stringi, yenye tabia tofauti kidogo. Wenye viwango wakalazimika kubadilisha jina. Ilipoingia rasmi Juni 2015, pamoja na startsWith, endsWith na repeat, ikaitwa includes. Aliyejaza pengo mapema alikuwa ameshachukua jina.

Kisa cha pili ni cha left-pad. Ukitaka namba ya mwanachama 47 iandikwe 00047, unahitaji kuongeza sifuri mbele. JavaScript haikuwa na methodi hiyo. Azer Koçulu aliandika mistari 11 ya kufanya kazi hiyo, akaiweka kwenye npm, ghala ambamo waandishi wa JavaScript hushirikiana vipande vya programu. Machi 2016 alikosana na npm kuhusu jina la kifurushi chake kingine, kik, lililodaiwa na kampuni ya Kik. Npm ikaipa kampuni jina hilo. Kwa hasira akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250, left-pad ikiwa miongoni mwao. Tarehe 22 Machi miradi mingi duniani ikagoma kujengwa, ukiwemo Babel uliotumiwa na maelfu ya wengine. Wengi wao hawakuwahi kusikia jina la left-pad. Waliitegemea kupitia kitu kinachotegemea kitu kingine. Npm ikairudisha baada ya saa mbili na zaidi.

Watu wengi walicheka: kweli unahitaji kifurushi cha kuongeza sifuri? Mimi naona swali lilikuwa limeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Swali ni kwa nini lugha yenye umri wa miaka 20 haikuwa na methodi hiyo. Pendekezo lilikuwa limeshawasilishwa kabla ya kisa hicho, na padStart pamoja na padEnd ziliingia rasmi mwaka 2017.

Kushoto au mwanzo?

Hebu angalia majina hayo. Pendekezo la awali lilikuwa padLeft na padRight, yaani jaza kushoto na jaza kulia. Kwa nini yakabadilishwa kuwa "mwanzo" na "mwisho"? Kwa sababu kuna maandishi yanayoanzia kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu na Kiebrania. Huko kushoto ndiko mwisho.

Sisi Waswahili hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi pwani. Hati ya Utendi wa Tambuka, ya Pate ya mwaka 1728, iko katika herufi hizo. Lau programu ingeandikwa kwa ajili ya watunzi wale, padLeft ingejaza mwisho wa mshororo. Majina yalirekebishwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwepo mezani akauliza: je, wasioandika kama sisi?

Python, Kitale na Bungoma

Wapenzi wa Python msianze kutabasamu. Python ina trim yake tangu zamani, inaitwa strip, na replace yake hubadilisha zote. Lakini nayo ilikuwa na pengo lake: haikuwa na methodi ya kuondoa kiambishi cha mwanzo. Watu wakatumia lstrip, ambayo jina lake linadanganya. Ukiiambia lstrip("254") haiondoi namba 254. Inaondoa tarakimu yoyote ya mwanzoni iliyo 2, au 5, au 4, kwa mpangilio wowote, mpaka ikutane na tarakimu nyingine.

Tuiweke kwenye namba za Kenya. Namba ya rununu 2547xxxxxxxx inakuwa 7xxxxxxxx. Safi kabisa. Kila anayejaribu programu hutumia namba ya rununu yake, anaona sawa. Sasa weka simu ya mezani ya Bungoma, ambayo msimbo wake wa eneo ni 055, na ya Kitale, ambayo ni 054:

"25455xxxxx".lstrip("254") inatoa "xxxxx"
"25454xxxxx".lstrip("254") inatoa "xxxxx"

Miji yetu miwili imefutwa! Huwezi tena kujua simu ni ya hospitali ya Kitale au ya ofisi ya Bungoma, kwa sababu misimbo yetu, ikishaondolewa sifuri, ina tarakimu 5 na 4 peke yake. Nairobi (020) inapoteza 2 yake na Mombasa (041) inapoteza 4. Kisumu (057) inabaki ikianza na 7, ukadhani ni rununu iliyokatika. Programu haitoi onyo lolote. Inaendelea kufanya kazi kwa furaha.

Mwaka 2020 Dennis Sweeney aliandika pendekezo namba 616 la Python, akionyesha jinsi watu walivyokuwa wakichanganyikiwa na lstrip na rstrip mara kwa mara, wengine wakidhani wamegundua hitilafu katika lugha. Oktoba 2020 Python 3.9 ikatoka na removeprefix na removesuffix. Mstari mmoja, na Kitale ikarudi kwenye ramani.

Na ng’ yetu je?

Sasa turudi kwa ng’ombe. Hata ritifaa zikishanyooshwa zote kwa replaceAll, kuna pengo moja lililotuhusu sisi zaidi ya wengi. Njia iliyozoeleka ya kutafuta maneno katika JavaScript ni ruwaza ya \w+. Ruwaza hiyo inajua herufi a hadi z, tarakimu, na mstari wa chini. Ritifaa haimo. Ipe "ng'ombe" itakupa maneno mawili, "ng" na "ombe". Ipe Sang'alo, ya hapa Bungoma, itakupa "Sang" na "alo". Anayehesabu maneno ya Kiswahili kwa njia hiyo anahesabu uongo, na anayetengeneza orodha ya utafutaji anawakatakata ng’ombe kabla ya wakati wao.

Dawa ipo siku hizi. Intl.Segmenter hugawa maandishi kwa kanuni za Unicode, na kanuni hizo zinasema ritifaa iliyo katikati ya herufi mbili haivunji neno, iwe imenyooka au imepinda. Ng’ombe anabaki mzima. Chrome iliipata mwaka 2020, Safari 2021, na Firefox ilichelewa hadi Aprili 2024. Kwa hiyo pengo hili limezibwa juzi tu, na misimbo mingi bado inatembea na \w+.

Tuliweza kutafsiri uso wa kompyuta mapema zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tukaanza kuona menyu za Kiswahili. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini menyu ni mlango wa mbele, na methodi ni msingi ulio chini ya sakafu. Unaweza kuwa na programu inayokuamkia kwa Kiswahili kizuri halafu ikakukatia ng’ombe vipande viwili.

Historia hii inaonyesha kwamba mapengo haya hayakuzibwa na muda. Yalizibwa na watu waliochoka kuandika kiraka kilekile, wakakusanya ushahidi, wakaandika pendekezo. Siku hizi mapendekezo ya JavaScript hujadiliwa hadharani kwenye GitHub, na ya Python vilevile yako wazi kwa yeyote kusoma. Hakuna anayekuuliza unatoka Kimilili au California. Anayekuja na mfano unaoeleweka anasikilizwa zaidi ya anayelalamika, na sisi mifano tunayo: ritifaa ya ng’, misimbo ya simu, SMS inayogawanyika.

Kwa leo tuishie hapo. Ukiwa na programu inayotuma SMS za Kiswahili, fanya jaribio hili dogo: tafuta ujumbe wenye ng’ mbili, upitishe, kisha hesabu ritifaa zilizobaki zimepinda. Ikiwa ni sifuri, umesalimika. Ikiwa ni moja, mweleze mweka hazina kabla bili haijafika.

Tukutane tena makala ijayo. Kazi njema!